Neno Laini la Kalunde

Kalunde nimemjua miaka ishirini na tisa, na leo nitamsema mwenyewe, kwa sababu nikinyamaza watamsema wengine ambao hata chai yake hawajawahi kuinywa. Mimi ni Wayua, fundi wa nguo hapa soko la Kasikeu. Cherehani yangu inatazamana na mlango wa ofisi ya kanisa letu, na humo ofisini Kalunde amekaa miaka hiyo yote akiwa katibu. Ninachotaka kusimulia ni jinsi alivyompoteza Kavindu, binti yake wa pekee, kwa ajili ya neno moja, na siku tuliyokwenda mimi na yeye kumwomba arudi nyumbani. Mkiambiwa ni shetani aliyeingilia familia ile, waambieni Wayua amekataa. Shetani asingeweza Kiswahili kile.

Maana Kalunde alikuwa na Kiswahili, jamani! Yeye si wa hapa. Alizaliwa Mwingi, ukuta mmoja na nyumba ya Waislamu waliotoka pwani, akalelewa nusu kwao na nusu kwa jirani, Mama Hasina. Huyo Mama Hasina alikuwa akiunguza mahamri hasemi kama wewe na mimi, "Ai, yameungua." Alisema, "Nimeghafilika, mahamri yameungua." Kalunde akalibeba lile neno, akaolewa nalo huku kwetu Makueni, akawa mke wa Mutunga. Mutunga naye akafa Kavindu akiwa na miaka sita.

Sisi wa huku hatuna muda na maneno ya namna hiyo. Sisi tunasema nimekosa, basi. Nimekosa Mungu, nimekosa jirani, nimekosa chumvi dukani, yote tunapitisha mlango mmoja. Kalunde alikuwa akisikia hivyo anashika kichwa. "Wayua, ukimfanyia mtu ubaya, umemkosea. Ukimtafuta usimpate, umemkosa. Sasa wewe ukisema umekosa Mungu, unamaanisha ulimtafuta hakuwepo?" Mimi namjibu, "Mungu mwenyewe ananielewa, wewe endelea na kalamu yako." Tunacheka. Siku hizo tulikuwa tunacheka sana.

Sasa, kanisani kwetu kuna utaratibu. Mshirika akianguka, yaani akipigana, akilewa, akipata mimba bila ndoa, anawekwa benchi la nyuma. Haimbi kwaya, hashiriki meza ya Bwana. Ili arudishwe, lazima aandike barua kwa wazee wa kanisa, tena kwa Kiswahili, kwa sababu nakala hupelekwa kwa wakubwa ambao si Wakamba wote. Kisha anasimama mbele ya watu anaisoma. Wengi wetu hatuwezi kuandika barua ya maana, kwa hiyo tulikuwa tunakwenda kwa Kalunde.

Mimi mwenyewe nilikwenda. Nilimpiga Nzisa na mwiko harusini, tena mwiko wa ugali, wala sijutii sana, kwa sababu alisema nguo ya bibi harusi nimeishona kama gunia. Kalunde akaandika: "Mimi Wayua, katika joto la shughuli, nilighafilika nikamwinulia dada Nzisa mkono." Haki, niliposoma pale mbele nilijisikia mtu wa maana. Mzee Ndululu, mwenyekiti wa wazee, akatikisa kichwa taratibu akasema, "Dada alighafilika tu." Wiki iliyofuata nikarudi kwaya.

Nikamuuliza Kalunde neno lile lina dawa gani. Akanieleza kwamba mtu aliyeghafilika ni mtu aliyepitiwa. Akili ilitoka kidogo, macho yalitazama kando, jambo likatokea. Ni kosa, ndiyo, lakini moyo wake haukuwamo. Akasema ni neno la barua, la watu wenye heshima zao, na msikilizaji akilisikia hasira yake inapoa. Basi kila mtu akalitaka. Mulwa, ambaye alikuwa mlevi wa kujulikana hadi Emali, aliandikiwa kwamba alighafilika akanywa. Nikamwambia Kalunde, "Mtu anapitiwaje mara tatu kwa wiki, mpaka anajua na kiti chake?" Akanifinya. Mulwa alisamehewa mara nne.

Basi Kavindu akapata mimba akiwa kidato cha tatu.

Mwaka huo ulikuwa 2016. Kijana mwenyewe alikuwa wa kwaya, sauti ya tatu, na kila mtu alimjua. Hakuitwa, hakuulizwa, hakuandika hata mstari mmoja. Alikwenda chuo na akafanyiwa maombi ya kuagwa. Nikikumbuka hilo mpaka leo damu inanichemka, na ikiwa mzee yeyote wa kanisa anasoma hapa, ajue Wayua bado ana mwiko.

Jioni moja Kalunde aliniita nyumbani kwake nimpime Kavindu gauni la kulegea, sare ilikuwa imeshakataa kufunga. Nilimkuta msichana amekaa mezani na karatasi, mama yake amesimama nyuma yake anamwambia cha kuandika. Kavindu aliandika vizuri kuliko mama yake. Shuleni Kiswahili alikuwa wa kwanza kila muhula.

"Andika," Kalunde alisema. "Mimi Kavindu Mutunga nimemkosea Mungu, nimelikosea kanisa, nimemkosea mama yangu."

Kavindu akaweka kalamu chini. "Mama, na mimi siwezi kughafilika?"

"Wewe huwezi."

"Mulwa anaweza. Tata Wayua huyu hapa aliweza, na alimpiga mtu." Tata ni shangazi, ndivyo alivyoniita tangu utotoni. "Kwa nini mimi nisipitiwe? Mimi ndiye niliyepitiwa kweli, mama. Nina miaka kumi na saba."

Nilitegemea Kalunde ataona. Mtoto alikuwa hafanyi ujeuri. Alikuwa anaomba lile neno laini ambalo mama yake alikuwa amewagawia watu wote wa Kasikeu bila kubagua, wezi wa kuku kwa walevi. Alikuwa anaomba aandikiwe barua na mama yake, kama watu wengine.

"Wewe ni mtoto wa katibu," Kalunde akasema. "Nikikuandikia hilo watasema nimekufunika. Wewe utasema umekosea, na utataja uliowakosea, mmoja mmoja."

Nami nilikuwa na tepu mkononi. Ningesema kitu. Nilikuwa na mdomo wa kumwambia Mzee Ndululu lolote sokoni, lakini siku hiyo nilipima kiuno cha mtoto wa watu nikaandika namba, nikaenda zangu. Hilo ni langu, na sitaki mtu aniambie nilighafilika.

Jumapili yake Kavindu alisimama. Gauni langu lilimkaa vizuri, sijui kwa nini nakumbuka hilo. Kanisa lilikuwa limejaa hadi madirishani, maana habari ya aibu haihitaji tangazo. Alishika karatasi kwa mikono miwili akasoma, sauti haikutetemeka:

"Mimi Kavindu Mutunga. Nimekosa Mungu. Nimekosa kanisa. Nimekosa mama."

"Amina," kanisa likasema.

Sisi tulisikia tulichozoea kusikia. Nimekosa Mungu, nimekosa kanisa, ndivyo tunavyosema hapa, tangu lini tulijua tofauti? Mzee Ndululu akasema binti amekubali kosa, na kwamba atakaa nyuma mwaka mzima. Nilimtazama Kalunde. Alikuwa mezani anaandika kumbukumbu za ibada, na kalamu ilisimama kidogo, kisha ikaendelea. Baadaye aliniambia alidhani mtoto amebabaika, ameachia maneno yapukutike kama sisi wengine. Alisema hata alimwonea haya kidogo, kwa sababu alimfundisha vizuri zaidi ya hapo.

Alhamisi Kalunde alikuwa kwenye kikao cha wazee. Aliporudi nyumbani Kavindu hakuwepo, wala begi lake.

Woi, nisiwachoshe na miaka. Simu ilizimwa, kisha ikawa ya mtu mwingine. Kalunde alikwenda Emali kuuliza madereva, akaenda Mwingi kwa ndugu zake, akarudi mikono mitupu. Alisema, "Atarudi akichoka na hasira." Kila mwaka mpya alisema hivyo. Alifua shuka za kitanda cha Kavindu kila mwezi, kitanda ambacho hakuna aliyelalia. Akaendelea kuandika barua za watu. Akapungua mwili, nikawa namkazia nguo pembeni bila yeye kuniomba.

Mwaka juzi tukaletewa mchungaji mpya, kijana, anayetaka kila kitu kwenye kompyuta. Akamwambia Kalunde atoe faili zote za zamani azichape. Asubuhi moja nikasikia ananiita kutoka ng'ambo, "Wayua! Wayua, njoo!" Nikaacha suruali ya mtu kwenye sindano nikavuka mbio, nikidhani ni nyoka.

Alikuwa ameshika karatasi ya Kavindu. Siku ile baada ya ibada aliikunja akaiweka kwenye faili bila kuitazama, kwa sababu alidhani anajua kilichomo, si yeye aliyeyasema yale maneno? Sasa alikuwa ameikunjua. Kavindu alikuwa ameandika kama alivyoambiwa, nimemkosea, nimelikosea, nimemkosea, hati nzuri ya mviringo. Kisha kwa kalamu nyingine, nyekundu, kalamu ya kusahihishia, alikata kila neno kwa mstari ulionyooka na juu yake akaandika upya: nimekosa. Nimekosa Mungu. Nimekosa kanisa. Nimekosa mama. Chini kabisa akajipa alama ya vema, kama mwalimu.

"Hakubabaika," Kalunde akasema. "Wayua, hakubabaika hata kidogo. Alisema alinitafuta hakunipata. Alisimama mbele ya watu mia tatu akasema hana mama, na mimi nikamwandikia kwenye kumbukumbu kwamba ametubu."

Nilimshika. Mwanamke yule alilia mpaka mchungaji mpya akaingia, akatutazama, akatoka tena.

Tangu siku hiyo hakutaka lingine ila kumpata. Na ajabu, alipatikana upesi. Kyule, anayenunua ndengu huku akipeleka Mombasa, alisema amekula chapati Kambu kwenye kibanda cha kando ya barabara kuu, na aliyempakulia ana uso wa marehemu Mutunga mtupu, hata ule mwanya wa meno. Anaitwa Kavindu.

Kalunde alichukua wiki tatu kujiandaa. Alikuja kukaa kwangu kila alasiri, mimi nashona, yeye anajaribu maneno. "Nimekukosea. Nisamehe." Nikamwambia hayo yanatosha, usiongeze chumvi. "Nimekukosea, nisamehe," akarudia, kama mtoto anayetumwa dukani asisahau alichoagizwa. Aliapa hatabeba karatasi. Alinunua kitenge cha Kavindu, na kwa ajili ya mtoto, ambaye hatukujua ni wa kike au wa kiume, akachukua kilo mbili za sukari na mkungu wa ndizi. Nikamcheka, nikamwambia hata mjukuu wa miaka minane ana meno. Akacheka kidogo, mara ya kwanza baada ya siku nyingi.

Tuliondoka Jumanne, tukabadilisha gari Emali, saa sita tukawa Kambu. Malori yamepangana, jua la kukaanga. Kibanda tulikiona bila kuuliza, cha mabati, kimepakwa rangi ya bluu, madereva watatu wanakula madondo. Kavindu alikuwa anafuta meza. Alikuwa amenenepa vizuri, amejaa, amekuwa mwanamke. Alipotuona kitambaa kilisimama mezani. Kisha akakikunja, akatoa viti viwili, akavifuta.

"Karibu, Katibu," alimwambia mama yake. "Tata Wayua, karibu, keti."

Katibu. Nilihisi Kalunde amelichukua lile neno kifuani kama ngumi, lakini alikaa. Alipewa maji, akanywa yote. Madereva wakamaliza wakaondoka. Nikamgusa goti, sema sasa. Nilikuwa naomba kwa Kikamba, kwa Kiswahili, kwa lugha zote.

Akafungua mdomo. "Kavindu mwanangu. Siku ile... mimi, siku ile, nilighafilika."

Nikaziba uso wangu na mikono. Woi, Kalunde! Wiki tatu! Wiki tatu za kukaa penye cherehani yangu, na ulimi ukakimbilia ofisini. Miaka yote ya kuwaandikia watu, neno lilikuwa limeshajua njia peke yake.

Kavindu hakupiga kelele. Ningependelea apige kelele. Alikaa ng'ambo ya meza, uso kwa uso na mama yake.

"Umeghafilika," alisema. "Sawa. Mulwa alighafilika, Tata Wayua alighafilika, na sasa katibu mwenyewe ameghafilika. Basi Kasikeu nzima aliyekosa ni mimi peke yangu."

"Hapana! Hapana, siyo hilo nililokuja nalo, limenitoka tu, muulize Wayua." Kalunde alikuwa ameshika ukingo wa meza kwa mikono miwili. "Nimekukosea, Kavindu. Mimi. Uliniomba neno moja nikakunyima, na lilikuwa langu kulitoa. Niliogopa watu. Nilikuwa naogopa wazee kuliko nilivyokupenda siku ile. Nimekukosea, nisamehe."

Hapo nililia mimi. Sijawahi kumsikia mtu mzima akisema jambo kama hilo bila kulifunga kwenye karatasi.

"Nimesikia," Kavindu alisema. Macho yake yalikuwa yamejaa, sitadanganya. "Nilikusamehe kitambo, Katibu. Nilipojifungua nilikusamehe, kwa sababu nilikuwa nimechoka. Usibebe hilo tena."

"Basi twende nyumbani. Kitanda chako kipo, nakifulia shuka."

"Nyumbani ni hapa."

"Kavindu..."

"Nilishuka hapa nikiwa na mimba ya miezi sita na begi la shule. Mwenye kibanda hiki hakuniuliza nimekosa nini. Aliniuliza kama nimekula."

Wakati huo mtoto akaingia kutoka nyuma, msichana, mrefu, shingo ya Kalunde kabisa, hata ile namna ya kuinamisha kichwa anapotazama mgeni. Akatuamkia vizuri, shikamoo, shikamoo. Kalunde alimvuta polepole akamshika mashavu. Nilijua anachosubiri. Kwetu, mtoto wa kike ambaye mama yake hajaolewa, hana baba wa kumpa jina, hupewa jina la mama ya mama yake. Hilo huwa halizungumzwi, linajulikana. Hata mtu akigombana na mama yake, jina hulitoa.

"Unaitwa nani, mama?" Kalunde alimuuliza, na alikuwa ameshaanza kutabasamu.

"Kalekye."

Kalunde aliendelea kumshika mashavu. "Kalekye nani?"

"Kalekye wa susu Kalekye," mtoto akasema, yaani bibi Kalekye, akaonyesha jikoni kwa kidole, ambako bibi mmoja mnene alikuwa ametupa mgongo anapuliza kuni. Huyo ndiye aliyekuwa mwenye kibanda. Mtoto hakujua amesema nini. Alizitazama ndizi, nikampa moja, akashukuru akatoka nje kucheza.

Kavindu akainuka kukusanya sahani za madereva. Alikuwa ametupa kisogo, nadhani alikuwa anajifuta macho, hakutaka tumwone. Maji ya chai yalianza kuchemka yakamwagikia moto, na akaita kwa sauti, bila kugeuka:

"Mama!"

"Eeh, mwanangu!" Kalunde aliitika, ameshasimama.

"Nimeyaona, mwanangu," bibi wa jikoni akajibu, akiepua sufuria.

Kavindu aligeuka akatuona. Kalunde alibaki amesimama pale, mkono juu ya meza, na hakuna hata mmoja wetu aliyejua jinsi ya kumwambia aketi.